Shajara ya mradi: «Kituo», filamu fupi kutoka Mikindani

Shajara hii inafuatilia utengenezaji wa filamu ya dakika 22 inayohusu kijana anayechana mistari, yaani kurap, na mzee malenga anayemfundisha kuipima. Tuko watu saba nyuma ya kamera na wanne mbele yake, wote wakazi wa Mtwara mjini na Mikindani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutengeneza filamu inayozidi dakika tano. Kwa kuwa vijana wa Lindi na Masasi wameniuliza mara kwa mara kazi ya namna hii huanzia wapi, nitaandika kila hatua inapokamilika, na mahali tulipoharibu nitapaeleza kwa urefu kuliko tulipofaulu. Bei zote ni kwa shilingi za Tanzania.

3 Juni 2024: Skripti

Skripti ya kwanza ilikuwa na kurasa 41, na kwa kuwa ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, tulikuwa tumejiandikia mzigo tusioweza kuubeba. Tuliipunguza mara tatu hadi ikabaki na kurasa 23. Kisa chenyewe ni chepesi: kijana wa miaka 19 anaendesha bodaboda katika kituo cha Mikindani, usiku anarekodi mistari yake katika saluni ya kinyozi, na siku moja anambeba mzee ambaye, badala ya kulalamikia mwendo, analalamikia vina.

Kosa kubwa la skripti ya kwanza lilikuwa huyo mzee. Kila alipofungua kinywa tulimpa methali, kana kwamba wazee wote wa pwani huzaliwa na maandishi ya khanga mgongoni. Tulizifuta zote isipokuwa moja. Kuchapa na kutoa nakala kulitugharimu 38,000.

24 Juni: Kumpata mzee

Tuliwajaribu waigizaji wawili wazoefu kwa nafasi ya mzee, na wote walighani shairi kama watu wanaosoma tangazo la mkutano wa kijiji. Hatimaye tulielekezwa kwa mwalimu mstaafu wa hapo hapo Mikindani, ambaye hajawahi kuigiza lakini ametunga tangu ujana wake, na ambaye daftari lake la mashairi, lile la jalada gumu jekundu, lina kurasa za mwanzo zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na za mwisho kwa kalamu ya wino wa kijani. Tulimwamkia, tukaketi, tukampa skripti. Aliisoma yote mbele yetu bila kusema neno, akavua miwani, kisha akauliza: «Huyu babu wenu ametunga shairi gani?»

Hatukuwa na jibu. Katika sini nne tulikuwa tumeandika maneno matatu tu: «Babu anaghani shairi.» Mzee akaturudishia karatasi zetu akasema: «Wanangu, mmeandika mvuvi, hamkuandika samaki.»

Tulikubaliana kwamba atatunga mashairi yote ya mhusika wake na ataigiza, kwa malipo ya 400,000, na kwamba mashairi yatabaki kuwa mali yake huku sisi tukiwa na ruhusa ya kuyatumia ndani ya filamu hii pekee. Makubaliano hayo tuliyaandika na kuyatia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi hata asipokuwa na karatasi, lakini karatasi huondoa mabishano baina ya watu wanaosalimiana kila siku msikitini na sokoni. 

15 Julai: Mazoezi, mizani na pumzi

Wiki tatu za mazoezi zimekwisha, na zimegharimu 145,000 za nauli na chai. Nilitarajia kuandika hapa kuhusu uigizaji, lakini karibu muda wote uliliwa na hesabu.

Kwa anayetaka kuiga, hesabu yenyewe ni hii. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16: nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili). Biti ya kawaida ya hip hop ina mapigo manne katika kila baa (kipimo kimoja cha mdundo), na kila pigo likigawanywa mara nne zinapatikana nafasi 16. Kwa hiyo mshororo mmoja unajaza baa moja pasi na kuzidi wala kupungua, na vesi ya baa 16, ambayo ndiyo marapa wengi huiandika, ni beti nne kamili. Jioni tuliyogundua jambo hilo tulipiga kelele hadi majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini. Furaha ilidumu mpaka kijana wetu alipojaribu kuuchana ubeti wa kwanza, ambao yeye aliuandika na mzee akaunyoosha:

*Mtoto wa Mikindani, sauti yangu ni nanga,*
*Nimetoka ufukweni, mawimbi yakinichonga,*
*Nina maneno kinywani, sina kitu cha kuhonga,*
*Nisikieni jirani, leo natweka matanga.*

Alikata pumzi katikati ya mshororo wa pili. Sababu yake haikuwa ngumu kuiona baada ya kutokea: rapa huacha mianya katika baa ili apate pa kuvuta hewa, lakini mshororo wa mizani 16 umejaa pomoni na hauna mwanya. Biti yetu ilikuwa na mapigo 92 kwa dakika, maana yake alitakiwa kutamka silabi sita na ushee kila sekunde bila kupumzika. Tuliishusha hadi 84, ikawa silabi tano na nusu hivi, na bado akafika mshororo wa tatu akiwa amekauka.

Hapo hapo likajitokeza tatizo la pili, ambalo masikio yetu yalilisikia bila kulitambua. Kila alipoanza, neno «sauti» lilidondoka mbele ya pigo lake, kama abiria anayeshuka kabla gari halijasimama. Mzee alimsikiliza mara mbili, akamsimamisha. Kijana alikuwa anatamka «mtoto» kwa silabi mbili, m ikimezwa ndani ya t, kama sote tunavyofanya tukizungumza haraka. Katika mizani, m hiyo inasimama peke yake: m-to-to, tatu. Ukwapi wake ulikuwa na mizani saba badala ya nane, na kilichofuata chote kikasogea. «Mwanangu,» mzee akamwambia, «hiyo m umeilipia, mbona huichukui?»

Tangu siku hiyo tukapitia vesi nzima tukizitafuta herufi za aina hiyo, na utaona ni nyingi: m ya mtu na mfuko, n ya nchi na nne. Lakini mb ya mbegu na nd ya ndugu haziachani na irabu zake, na kijana alipoanza kuzitenganisha nazo kwa bidii ya mwanafunzi mpya, tulilazimika kurudi nyuma tena. Tulipoteza siku mbili kwa m na n. (Kuhusu «matanga», mzee alicheka akauliza kama tunasafiri au tumefiwa. Neno tuliliacha, maana kijana alisema atakayesikia msiba naye atakuwa amesikia sawa.)

Suala la pumzi lilitatuliwa na mzee pia, naye alilitatua kwa kushangaa. Aliuliza kwa nini kijana anauchana mshororo wa nne mwenyewe. Katika kughani, kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, hupokewa na waliohudhuria, mtungaji hunyamaza au huwasindikiza, na beti zote zikiwa na kituo kimoja kila mtu anakifahamu kufikia ubeti wa pili. «Kituo si chako, ni cha waliokuja,» alisema. Tulijaribu: kijana anachana baa tatu, sekunde zisizofika tisa, kisha sisi sote tunapokea «Nisikieni jirani, leo natweka matanga», naye anapata karibu sekunde tatu za kuvuta hewa. Vesi ya baa 16 ilikwisha na kijana akiwa bado anatabasamu. Jina la filamu, ambalo lilikuwa linahusu kituo cha bodaboda pekee, likapata maana yake ya pili siku hiyo.

Mzee mwenyewe hakubadilisha chochote katika mwendo wake. Aliichukua biti ile ile akaghani utenzi juu yake, mizani nane kwa baa moja, yaani kwa nusu ya kasi ya kijana:

*Mwanangu njoo jamvini,*
*Weka simu mfukoni,*
*Tega sikio makini,*
*Nikupe nilichopewa.*

Mtu akiwasikiliza wakipokezana huku biti haibadiliki, atadhani imepunguzwa na kuongezwa. Sini ya mwisho ya filamu imejengwa juu ya jambo hilo, na katika skripti ya awali haikuwamo kabisa.

8 Agosti: Vibali

Skripti imepelekwa Bodi ya Filamu Tanzania pamoja na maombi, tumeonana na Afisa Utamaduni wa Manispaa ya Mtwara Mikindani, na serikali ya mtaa imetupa barua. Ada sitaziandika hapa, kwa kuwa kila mradi unapaswa kuulizia za kwake. Ushauri wangu ni mmoja tu: barua ya mtaa uitoe nakala kumi, kwa sababu kila atakayekusimamisha barabarani atataka kubaki na moja.

17 Agosti: Saluni na michirizi

Sini za saluni zilipigwa tarehe 14 na 15. Katika kioo kidogo cha kamera picha ilikuwa safi, mwanga wa taa za mirija ulikuwa na ubaridi tuliotaka, na tulirudi nyumbani tukijipongeza. Usiku, kwenye kompyuta, tukaona michirizi ya kivuli inapanda polepole juu ya kioo cha kinyozi kama maji ndani ya karatasi.

Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na taa za mirija hung'aa na kufifia mara mbili ya hapo. Sisi tulikuwa tunapiga fremu 24 kwa sekunde na shata (muda wa mwanga kuingia katika kila fremu) ya 1/48, kwa sababu tulisikia kwamba 24 ndiyo kasi ya «sinema halisi». Kila fremu ilikuwa inaikamata taa katika hali tofauti kidogo na fremu iliyotangulia. Dawa yake ni kupiga fremu 25 kwa shata ya 1/50, na michirizi inatoweka. Yeyote anayepiga picha ndani ya nyumba hapa nchini aanze na 25 na aache habari za 24.

Tulikuwa tayari tuna sini tatu za 24. Mbili hazikuwa na maneno wala taa za mirija, tukaziharakisha hadi 25, ongezeko la asilimia nne hivi ambalo jicho halilioni. Ya tatu ilikuwa ile ya kijana kurekodi, na huko asilimia nne ni msiba: biti ya 84 inageuka 87.5, sauti inapanda, na midomo haikutani tena na rekodi. Tuliirudia yote leo. Siku moja ya nyongeza ni 60,000 za kamera, 25,000 za kinasa sauti na 55,000 za chakula cha watu 11, jumla 140,000.

20 Agosti: Maji

Leo tumepoteza siku nzima, na kosa ni langu peke yangu.

Sini inataka kijana na mzee watembee jioni juu ya tope la ufukwe, maji yakiwa yamekauka, hadi kwenye mashua iliyolala ubavu, na hapo mzee amweleze kwamba shairi lisilo na vina ni chombo kisicho na mtweko wa tanga. Nilijua kwamba bamvua hukausha maji kuliko siku nyingine, na kwamba bamvua hufuata mwezi mpevu, nao mwezi ulikuwa mpevu jana. Nikakodi mashua kwa 50,000, nikawaita watu saa tisa alasiri. Tulipofika, maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi, mashua inaelea mbali, na tope hakuna.

Mama mmoja aliyekuwa amekaa akichambua dagaa alitutazama tukisimama na kamera mabegani, akauliza tunasubiri nini. Nilimweleza. Hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka. Alisema: «Baba, bamvua maji yanakauka asubuhi, saa nne. Jioni yanajaa. Sisi tukienda kuokota pweza hatuendi jioni.»

Ndivyo ilivyo, na mtoto yeyote wa ufukweni angeniambia bila malipo. Katika pwani yetu hii, siku za bamvua maji hukauka kabisa kwenye saa nne au nne na nusu, asubuhi na usiku, na hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo ukitaka maji yaliyokupwa jioni unapaswa kungoja kama wiki nzima, nazo hizo ni siku za maji mafu, ambapo maji hayaendi mbali na tope linaloonekana ni ukanda mwembamba. Maana yake ni kwamba picha niliyoibeba kichwani tangu Juni, ya tope pana chini ya jua linalozama, haipo Mikindani mwezi wowote wa mwaka. Hasara ya leo ni 190,000 pamoja na mashua.

5 Septemba: Maji tena, na upepo

Badala ya kuyasubiri maji yatufuate, tuliiandika upya sini iyafuate yenyewe. Sasa wawili hao wanakuja jioni maji yakiwa yamejaa, mashua inaelea, na mzee anamwamuru kijana avute kamba ya tanga huku akihesabu: mivuto minane, pumzi, mivuto minane. Tuliipiga jana, siku mwezi ulipoandama, maji yakiwa mahali nilipoyakuta tarehe 20 Agosti, na ni sini bora kuliko ile ya zamani, ingawa inaniuma kukiri hivyo.

Kilichotushinda ni kusi. Upepo uligonga maikrofoni muda wote, na sponji yake ndogo ikawa kama haipo. Mnasa sauti wetu alichuna manyoya ya mwanasesere wa dubu wa mdogo wake akaishonea maiki kofia, na leo kofia hiyo imeokoa nusu ya maneno. Nusu nyingine itabidi mzee aje kuyatamka upya studio.

Nikumbushe pia kwamba tarehe 22 Agosti tulipiga sini ya shamba la mikorosho, na kuanzia alfajiri mashine za kupulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga zilikuwa zinanguruma katika kila shamba. Huwezi kumwambia mkulima azime mashine kwa ajili ya filamu wakati maua ya mikorosho yako hatarini. Tuliifanya sini ile iwe ya kimya, mtu na babu yake wakiwa njiani, na unga wa njano unaoelea angani ukaonekana kama tuliukodi.

12 Septemba: Bao

Katika skripti, somo la mizani lilikuwa mezani, na kalamu na karatasi. Mzee alisema hajawahi kumfundisha mtu mezani. Alitoka na ubao wake wa bao, akauweka barazani, akamwaga komwe, mbegu zinazotumika kama kete.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, na kila mchezaji ana safu mbili. Mzee akasema neno «mtoto» akidondosha komwe tatu, moja kwa kila mizani: m, to, to. «Wa», moja. «Mikindani», nne. Safu ya mbele ikajaa, kila shimo kete moja, nao ndio ukwapi. Akahamia safu ya nyuma kwa utao. Akageuza upande wa pili wa ubao, mshororo wa pili. Ubao ukajaa mizani 32. Kijana, nje ya maneno aliyopewa kuigiza, akauliza: «Na mishororo miwili iliyobaki?» Mzee akazipitia tena safu zote nne, kete ya pili juu ya ile ya kwanza, hadi mfuko ukabaki mtupu. Bao lina kete 64, na ubeti wa tarbia una mizani 64. Kijana alizitazama komwe za kijivu zikiwa mbili mbili kila shimo na hakusema kitu, na kamera, ashukuriwe mpiga picha, ilikuwa bado inazunguka. Sekunde 40 za kimya hicho zitaingia ndani ya filamu kama zilivyo.

Kisha tukaenda kula. Picha za karibu za vidole na kete zilikuwa bado, na ubao uliachwa barazani na kete zake zikiwa katika hali tuliyohitaji. Tuliporudi tulikuta wazee wanne wameuzunguka, wawili wanacheza, wawili wanabishana kuhusu nyumba (shimo maalumu la mchezaji), na mchezo umefika mtaji, awamu yake ya pili. Hawakuwa na kosa lolote. Baraza ni lao na saa ile ni yao. Tulijaribu kuzirudisha kete kwa kukumbuka, na jioni tukagundua kwamba katika picha ya mbali shimo la tatu lina mbili na katika picha ya karibu lina tano.

Leo tumezirudia picha za karibu. Tumeweka utaratibu wa kupiga picha ya simu kila tunaposimama, lakini kilichotusaidia kwa kweli ni kuazima ubao wa pili na kuuweka chini ya mwembe jirani. Wachezaji walihamia huko kwa hiari yao. Wiki ijayo ni ya Maulidi na hatutapiga picha. Mzee ana shughuli zake, na nusu ya wapokeaji wetu wa kituo wamo katika kasida.

2 Oktoba: Biti iliyouzwa mara mbili

Mpwa wangu amenichezea wimbo kwenye simu yake, akidhani umetoka katika filamu yetu. Biti ni ile ile, ila msanii ni mwingine. Tuliinunua kwa 80,000 kutoka kwa mtayarishaji wa muziki, kwa mdomo tu, tukatumiwa faili, tukashukuru. Nilipompigia alisema kwamba hakuniahidi kuwa ni yangu peke yangu, na alikuwa sahihi: hakuna tulichoandika. Watu wale wale tuliomwekea mzee mkataba wenye mashahidi wawili tulinunua muziki kama mtu anayenunua vitumbua.

Mtayarishaji mwingine ametutengenezea biti mpya kwa 120,000, safari hii kwa maandishi yanayotaja kwamba hataiuza kwingine. Tulimpa sharti moja: ibaki 84 kwa dakika. Kwa sharti hilo sauti zote za kijana, za mzee na za wapokeaji zimekaa mahali pake bila kurekodiwa upya. Kama tungekuwa tumechana kwa mianya ya kubahatisha, sidhani kama zingekaa.

26 Oktoba: Uhariri na gharama

Uhariri wa kwanza umekamilika. Mzee alirudia maneno ya mashuani kwa siku moja ya studio iliyogharimu 120,000, naye alikataa kutumia vifaa vya masikioni kwa hoja kwamba hawezi kughani akiwa amejiziba, kwa hiyo tulimchezea biti kwa sauti ya chini chumba cha pili na mlango ukiwa wazi kidogo.

Hadi leo, ukiacha ada za vibali, tumetumia 3,253,000, wakati bajeti ilikuwa 2,600,000. Malipo ya waigizaji wote wanne ni 940,000, kamera kwa siku tisa 540,000, chakula 495,000, diski mbili za kuhifadhia 360,000, kinasa sauti 225,000, biti zote mbili 200,000, mashua 100,000, jenereta na petroli 90,000, na yaliyobaki nimeshayataja. Watu saba wa nyuma ya kamera hawakulipwa. Katika ziada ya 653,000, jumla ya 530,000 ni bei ya michirizi, ya maji, ya upepo na ya biti ya kwanza. Ndugu mmoja mwenye mikorosho ameahidi kutuchangia korosho zake zikiuzwa mnadani, na diski ya pili tumeichukua kwa mkopo tukiitegemea ahadi hiyo.

23 Novemba: Onyesho la uani

Ahadi ya korosho imetimia, mkopo umelipwa. Kuonyesha filamu ilikuwa kazi nyingine, kwa kuwa spika zote za kukodi zilikuwa zimechukuliwa na kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27. Tuliazima spika moja ya harusi, tukatundika shuka mbili zilizoshonwa pamoja katika uani wa nyumba ya mzee, na watu kama 60 wakajipanga juu ya mikeka. Shuka ilipepea kila upepo ulipoingia, hadi vijana wawili walipojitolea kuishika pembe za chini kwa dakika zote 22.

Mzee alikaa mbele, na wakati wa vesi ya kijana niliona vidole vyake vinahesabu pajani. Filamu ilipokwisha watu walishangilia, wengine walitaka irudiwe. Yeye alinivuta pembeni akasema kwamba m imepotea. Nilimwambia kijana aliitamka, sote tulimsikia siku ya kurekodi. Akasema: «Siku hiyo aliitamka. Leo haipo.»

25 Novemba: Fremu nne

Nimeifungua sini kwenye kompyuta. Mahali picha inapokatwa kutoka uso wa mzee kwenda kwa kijana, mhariri alikata sauti pamoja na picha, na mkato umeangukia fremu nne ndani ya neno «mtoto». Fremu nne kwa kasi ya 25 ni sekunde 0.16, na kwa biti ya 84 nafasi ya mizani moja ni sekunde 0.18 hivi. Tumeisogeza sauti ianze nyuma ya mkato wa picha, m imerudi, na faili mpya imehifadhiwa kwenye diski zote mbili. Nakala zenye tarehe ya kabla ya leo zifutwe.